Sehemu ya Hamroqul Ukutani

Jiydeli, 12 Machi 2018

Hamroqul, mtani wangu, mchoma unga, mzee wa nyusi zilizoungua,

Salamu nyingi kuliko nzi wa sokoni. Sisi huku wazima. Mke wangu Burul ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Mimi mgongo unalalamika, lakini sura bado inauza: jana muuza vitunguu kaniita kijana, na hakuwa amelewa.

Sikupigii simu, na sababu unaijua. Masikio yako yamestaafu kabla ya mwenyewe. Mara ya mwisho nilikuuliza binti yako Zulhumor hajambo, ukanijibu bei ya unga. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi la Samara, yule mwenye jino la dhahabu, na nimemwambia akiipoteza nitamchora kwenye mlango wa choo cha stendi, na watu watamtambua.

Sasa kaa chini, maana nina habari. Unaukumbuka ukuta mrefu wa Shule Namba Nne, ule tuliokuwa tunauparamia kwenda kuiba forosadi? Mwalimu Mkuu Anara anataka uchorwe wote, mwanzo hadi mwisho, na mtaa mzima. Picha ya amani, kasema, picha ya watu wote tunaokaa hapa. Na msimamizi nani? Walizunguka, wakatafuta, mwisho wakaja wenyewe wamevua viatu. Mimi! Mimi niliyechora ndevu za wakubwa kwenye kiwanda cha pamba, ndevu zikatoka nzuri kuliko zao wenyewe. Mimi niliyeendesha lori hadi Riga, ambako kuna kinyozi kibao chake mpaka leo kina mkono wangu. Shule niliishia darasa la saba, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma.

Mwanzo Anara alileta mchoro kutoka mjini: njiwa, mikono imeshikana, dunia kama tikiti. Nikasimama kwenye mkutano nikasema, "Mwalimu, samahani, huyu njiwa anakaa nyumba ya ngapi? Maana hapa kwetu mimi nawajua kunguru tu." Watu wakacheka mpaka Bi Gulizar akadondosha sindano zake za kufumia. Basi tukakubaliana: kila nyumba iliyowahi kupeleka mtoto pale inapewa sehemu yake, inachora inachotaka, kwa mkono wake yenyewe. Hakuna kumchorea mwenzako. Bi Lyuba Tsoi anachora karoti zake za siki na pilipili. Bi Gulizar anachora zulia walilokuja nalo wazazi wake walipohamishwa. Mimi farasi. Wanasema anafanana na mbuzi aliyekutana na mkwewe. Wivu.

Kati ya farasi wangu na karoti za Bi Lyuba kuna sehemu nyeupe. Yako hiyo. Zulhumor alisoma pale, kwa hiyo nyumba yako ina haki. Lazima ukuta uwe tayari kabla ya kengele ya kwanza ya mwaka wa shule, Septemba mosi, la sivyo watu wa ofisi ya elimu wataweka hapo yule njiwa wao.

Njoo, Hamroqul. Kiwanja chako kipo. Nimepanda vitunguu pasije pakawa pori. Vitunguu ni vyako, mimi nakula tu. Kile kitundu cha ukuta kati ya ua wako na wangu, cha kupitishia bakuli, hatujakiziba. Burul mpaka leo akipika kitu kizuri anakiangalia. Mkeo Saodat, Mungu amrehemu, hakuwahi kurudisha bakuli tupu hata siku moja. Tukipeleka supu, bakuli linarudi na zabibu, tukipeleka zabibu linarudi na mkate. Nusu ya mabakuli yangu sijui ni yangu au yenu.

Na nikuambie kitu ambacho Burul amenikataza miaka yote hii, anasema ni mwiko kumkumbusha msafiri. Mkate wako upo. Uko juu ya jiko letu, kwenye msumari, na alama ya meno yako. Umekuwa mgumu kama kichwa chako. Burul anaufuta vumbi kila Ijumaa. Anayeuma mkate siku ya safari lazima arudi aumalize: hiyo sheria yenu nyinyi waoka mikate, si yangu mimi mla farasi.

Ni mimi, wa pekee duniani,
Beyshe


Samara, 9 Aprili 2018

Beyshe,

Barua imefika. Inanuka petroli na sigara, kwa hiyo dereva wako ni mwaminifu.

Sisi wazima. Zulhumor anafanya kazi hospitalini, anarudi amechoka, ananipikia tambi kama mimi ni mgonjwa. Kazi yangu ya mikate inaenda vizuri. Wateja ni wengi, siwezi kuiacha. Halafu Ramadhani inakaribia. Halafu mgongo. Wa kwako unalalamika, wa kwangu umeshafungua kesi.

Ukuta ni jambo zuri. Mwambie Mwalimu Anara namheshimu. Mimi kuchora sijui. Jua langu hata darasa la kwanza lilikuwa linafanana na yai. Hapo pangu weka chochote unachoona kinafaa.

Habari ya mkate nimeisoma.

Vitunguu vimwagilie jioni, si mchana. Wewe ni mtoto wa wachungaji, unadhani mmea unanyweshwa kama kondoo, wakati wowote ukipita mtoni. Na mfereji wa mbele ya nyumba, je, bado maji yanakuja? Huku maji yako kwenye bomba tu. Juzi niliota nanawa mikono pale mferejini na maji yalikuwa ya baridi ya mlimani. Nikaamka vidole vimekufa ganzi. Zulhumor akasema ni mzunguko wa damu. Sikubishana naye, yeye ndiye aliyesomea.

Msalimie Burul.

Hamroqul


Jiydeli, 20 Mei 2018

Mtani wangu mwenye kesi ya mgongo,

Imekwisha! Fungua bahasha taratibu, kuna picha ndani, usiikunje kwa vidole vyako vya unga.

Uliposema niweke chochote kinachofaa, Burul ni shahidi, sikulala mchana wala sikula vizuri. Nilifikiria tanuri, nikafikiria kofia yako ya pembe nne, nikafikiria hata nyusi zako lakini wewe huna nyusi. Mwisho nikaona, kuna nini cha kufikiri? Nikachora mkate wako. Huo unaouona. Mduara kama mwezi, ukingo umevimba, katikati ile nakshi ya muhuri wako wa misumari, ule wa kuchapia unga, lile ua la majani manane ambalo mtaa mzima ulikuwa ukiliona unajua leo kaoka Hamroqul. Na pembeni nimeuma. Yaani umeuma wewe. Nilishusha mkate halisi kutoka msumarini ili niige, nikashangaa: mdomo mpana kama mlango wa gereji, umeuma kidogo kama panya! Nikakuongezea. Sasa alama ya meno inaonekana hata kutoka barabarani, na pengo la jino lako la mbele lipo.

Na nimeuchora na swaumu, uelewe. Mtu mwenye njaa kuchora mkate kuanzia asubuhi mpaka magharibi! Siku ya pili niliramba brashi.

Bi Gulizar alileta maneno, unamjua. Kasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Beyshe, si tulisema kila nyumba kwa mkono wake?"

"Nina ruhusa ya maandishi, Bi Gulizar."

"Kaandika mkate?"

"Kaandika chochote."

"Sasa chochote ndiyo mkate ulioumwa?"

"Kwa Hamroqul, chochote ni mkate."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Lakini wengine wote wameupenda. Watoto wakipita wanaugusa. Wale wadogo hawakukujua, wananiuliza, "Babu Beyshe, kauma nani?" Nawaambia kauma baba yake Zulhumor, yuko safarini, atarudi aumalize. Kwa hiyo sasa watoto wa shule nzima wanakungoja, usiniaibishe.

Maji ya mfereji yanakuja. Ya baridi vilevile.

Beyshe, mkono wa dhahabu


Samara, 11 Juni 2018

Bwana Beyshenaly,

Picha nimeipata. Nakuomba uifute.

Mimi sikuuma mkate katika mji ule. Siku tunaondoka mkeo alikuja na mkate mpaka mlango wa gari, akaushika mbele ya mdomo wangu, na sikuuma. Huo ulio jikoni kwako si wangu.

Usiniwekee ahadi ukutani mbele ya watoto wa watu.

Nashukuru kwa vitunguu. Sasa uvichukue viwe vyako.

Hamroqul


Jiydeli, 25 Juni 2018

Hamroqul,

Bwana Beyshenaly ni nani? Nimemtafuta mtaa mzima sikumpata. Tumekojoa pamoja kwenye mfereji mmoja mimi na wewe, leo mimi ni Bwana.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Halafu nikaingia jikoni, nikaushusha ule mkate, nikamwekea Burul mezani. Nikamwambia, "Mke wangu, fungua mdomo."

"Una wazimu? Nifungue mdomo nimekuwa farasi?"

"Fungua tu."

Hakufungua. Akakaa. Akashika mkate akaugeuza geuza. Akasema, "Ungetaka nifanye nini? Ulikuwa umekwenda kuwaombea petroli ya akiba, hukuwepo. Waliondoka hakuuma. Nikarudi na mkate mzima mkononi, nikajua ukiuona mzima hutakula siku hiyo wala kesho. Nikauma mimi. Hapo hapo barabarani, vumbi la gari lao halijatulia."

"Na miaka yote hii unaufuta vumbi!"

"Nilikuwa namfutia nani mwingine vumbi? Nilikuwa nakufutia wewe."

Basi ndiyo hivyo. Mke wangu kanidanganya kwa meno yake, na mimi mjuaji wa dunia, niliyefika Riga, nimekaa chini ya mkate wa mke wangu nakungoja wewe. Cheka. Mimi mwenyewe nilijaribu.

Lakini sifuti, Hamroqul. Umeniomba kitu kikubwa. Mkate ule ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora, watoto wanaugusa mpaka rangi imeanza kung'aa. Kama hukuuma, vizuri, hukuuma. Ungependa ufutwe? Njoo uufute mwenyewe, chokaa nitakuwekea tayari na brashi pana. Hiyo ndiyo dawa yako.

Nilikufanyia nini? Hilo tu uniambie. Kwa nini hukuuma?

Beyshe


Samara, 10 Julai 2018

Ami Beyshe, shikamoo,

Ni mimi Zulhumor. Baba hajui kwamba naandika. Barua yako ameiweka mfukoni mwa koti la baridi, na sasa ni kiangazi, kwa hiyo najua hataki kuiona wala hataki ipotee.

Umeuliza ulimfanyia nini. Hukumfanyia kitu, Ami. Nilikuwa msichana mdogo lakini nakumbuka. Wewe katika barua zako unajisifu kwa kila kitu, hata kwa kuramba brashi, lakini hujawahi kuandika neno moja kuhusu lango lako. Siku zile vijana wa kabila lako walipochoma nyumba za kabila letu, tulipokuwa tumejificha chini ya sakafu ya stoo yenu na mtaa unaungua, wewe ulikaa kwenye kiti langoni na kofia yako nyeupe ya kwenu, na wote waliokuja uliwaambia humu kuna mke mkali na mbwa mgonjwa, hakuna kingine. Tulikusikia. Mama alinibana mdomo ili nisicheke, na alikuwa analia. Baba anakumbuka yote.

Aliyekataa mkate ni mama. Nilikuwa nimekaa katikati yao garini. Shangazi Burul alipouleta, baba alikwishafungua mdomo. Mama akamshika mkono, akasema, "Usiache meno yako hapa, utayafuata." Baba akafunga mdomo. Na mama alipougua huku alimuahidisha tena, nikiwepo, kwamba hatamrudisha kule, hata akiwa mfu, na yeye mwenyewe hatarudi kukaa. Ndiyo maana kaburi lake liko huku, penye miti ya mibetula, ile ya magome meupe, mahali ambapo hamjui mtu.

Sasa akiona mkate umeumwa ukutani, kwa jina lake, anaona amemdanganya mama mbele ya mtaa wote.

Jambo jingine ambalo atanikasirikia nikilisema. Hana tanuri, Ami. Anafanya kazi kiwandani. Mikate inatoka ya mraba kwenye mashine, yeye anaipanga kwenye makreti. Muhuri wake wa misumari uko kwenye droo pamoja na vijiko. Mara mojamoja naukuta umehamishwa.

Picha yako aliilaza kifudifudi mezani. Asubuhi niliikuta imegeuzwa.

Mwanao,
Zulhumor


Jiydeli, 28 Julai 2018

Hamroqul, ndugu yangu,

Nimefuta.

Nilifanya asubuhi, watu wakiwepo wote, kwa sababu nilipouchora watu walikuwepo. Nilichanganya chokaa kwenye ndoo. Watoto wakaanza kulia, yule mjukuu wa Bi Lyuba akanishika suruali: "Babu, usiufute, atarudi akute nini?" Nikamwambia kwamba nilikosea, huyo mtu hakuuma. Nilimdhania tu. Anara akauliza kama nina uhakika, maana haukuwa mkate mbaya. Nikamwambia, "Mwalimu, ni mkate mzuri kuliko mikate yote duniani, na si wake." Nikapitisha brashi. Ile nakshi yako ilikataa kufutika, ikabidi nirudie tena na tena, ua likawa linachungulia kama mtu chini ya blanketi.

Hakuna aliyecheka. Bi Gulizar mwenyewe ndiye aliyenishikia ndoo, na hakusema "nilikuambia".

Ule wa jikoni tumeumaliza mimi na Burul. Tuliulowesha kwenye supu ya kondoo tangu asubuhi mpaka mchana. Ulikuwa na ladha ya moshi na ya miaka yote hii. Burul akasema meno yake ndiyo yaliyouanza, basi ni haki yake kuumaliza, mimi nimpe nafasi tu. Tukila, tukaanza kukumbuka harusi ile ya mdogo wako, pilau ilipoungua na wewe ukawaambia wageni ni mapishi ya Bukhara. Burul alicheka mpaka akakohoa.

Sehemu yako ni nyeupe. Mtu wa ofisi alikuja na njiwa wake kwenye karatasi, nikamwambia pana mwenyewe. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani kwake, Samara. Akasema basi ni pengo. Nikasema ndiyo, ni pengo, liandike hivyo hivyo.

Ukija ni furaha. Usipokuja, bado ni pako, na pakichafuka nitapapaka chokaa. Sikuulizi tena kwa nini. Vitunguu sivichukui.

Beyshe


Samara, 22 Agosti 2018

Ami Beyshe,

Nakuandikia upesi, dereva anangoja.

Leo baba aliamka kabla yangu. Nikamkuta jikoni amekanda unga, mikono mpaka viwiko. Alitoa muhuri wake kwenye droo. Tanuri hatuna, akaoka kwenye jiko letu la gesi, mkate ukatoka mweupe upande mmoja na umeungua upande mwingine, akautukana kwa lugha ya kwetu ambayo sijamsikia akiitumia kwa sauti tangu tuhame. Halafu akasimama mlangoni, begi begani, akauma. Kipande kikubwa, Ami. Akautundika kwenye msumari wa kalenda.

Nikamuuliza, "Na mama?"

Akasema, "Mama yako alinikataza kuuma kule. Hapa hakunikataza. Nauacha hapa, kwa hiyo nitarudi hapa, na kule naenda kutembea tu, kama mgeni. Hata yeye hawezi kunilaumu."

Yuko kwenye basi hili lililobeba barua hii. Dereva amenihakikishia kwamba barua utaipata kabla yeye hajafika kwako, maana baba ataanza kwanza kunawa uso mferejini.

Tafadhali unirudishie.

Zulhumor


Jiydeli, 3 Septemba 2018

Zulhumor, mwanangu,

Usiwe na wasiwasi, baba yako nitakurudishia Alhamisi, mzima, na kilo mbili juu kwa sababu ya Burul. Na nimemwambia Burul siku hiyo asitoke nje na mkate. Aage kwa mikono mitupu kama watu wa mjini. Baba yako ana mkate wake kwako na mimi sitaki kushindana nao. Burul kanuna, lakini kakubali.

Sasa nikusimulie, maana yeye hatakusimulia.

Alishuka basi akiwa mgeni kweli. Nilimkumbatia, kasema, "Asante kwa kunipokea, Beyshe." Chakula: "Msijisumbue." Godoro: "Linatosha kabisa." Nilimpeleka kwenye kiwanja chake, akatazama vitunguu, akasema, "Vimestawi, hongera." Hongera! Nilikuwa nimevipanda vibaya makusudi, mistari kama njia ya mlevi, ili anitukane. Hakunitukana. Siku zote hizo alitembea mtaani amefunga vifungo vyote vya koti, anasalimu watu wa rika lake kama anasalimia maafisa. Hakuketi barazani kwa mtu yeyote. Chai alikunywa amesimama. Nilianza kuwaza kwamba aliyekuja ni Bwana Hamroqul, na mtani wangu bado yuko Samara.

Siku ya kuamkia kengele ya kwanza, wote tulikuwa ukutani, tunamalizia. Akaja akasimama mbele ya peupe pake. Akasimama sana. Halafu akaniuliza kwa adabu, "Rangi nyekundu ipo?" Nikampa. "Na ya njano?" Nikampa.

Alichora tanuri. Unajua hajui kuchora. Lilikuwa kama chungu kilichokaliwa na ng'ombe. Lakini lile tundu la mdomo alilipata. Na ndani ya tundu akaanza kuweka moto.

Mwanangu, hapo ndipo niliponyanyua macho nikautazama ukuta wote, mimi msimamizi, mkono wa dhahabu, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Hakuna aliyechora moto. Ukuta mrefu vile, watu wote wale. Bi Lyuba kachora sufuria juu ya jiko, jiko halina moto. Wale wa nyumba ya kona wamechora taa, haijawashwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mtu aliukwepa peke yake, kwa sababu ya siku zile mtaa ulipoungua.

Na yeye aliyeunguliwa na nyumba ndiye anauweka. Mwekundu, kisha njano juu yake, kisha mwekundu tena, kwa brashi ile pana. Anara akajishika mdomo. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma, kama vile ule moto wa rangi utamrukia.

Aliyesema kwanza ni Bi Gulizar. Alikuwa amekaa chini ya zulia lake la kuchorwa, na fimbo yake.

"Wewe Hamroqul," kasema, "huo ni moto au ni kibiriti? Kwa moto huo mkate utatoka mbichi."

Baba yako hakugeuka. "Basi leta kuni, Bi Gulizar."

"Unadhani siwezi?"

"Nakuona umekaa."

Akainuka yule bibi, unajua miguu yake, akaja mpaka ukutani. Akachukua brashi ya rangi ya udongo mkononi mwangu bila kuniomba, akachora ukuni mmoja chini ya tanuri. Umepinda kama yeye mwenyewe. Akampa brashi Bi Lyuba. Bi Lyuba akachora wake. Kisha nyumba ya kona. Yule mama aliyemvuta mwanawe akaja naye, akamshika mkono, wakachora kijiti pamoja. Burul akachora wa kwake mnene sana, kasema huo ni wa usiku kucha. Watu wakapanga mstari, Zulhumor, kama wanangojea mkate wa asubuhi enzi zile, na wengine katika mstari ule mimi nawajua, na baba yako anawajua, na siku zile za moto hawakuwa langoni kama mimi, walikuwa barabarani. Walikuja macho yakiwa chini. Akawasogezea ndoo ya rangi kwa mguu, mmoja mmoja, ili wafikie vizuri.

Kuni zilipokuwa nyingi kuliko tanuri lenyewe, akarudi nyuma akatazama. Akafungua kifungo cha koti cha juu. Akakifungua cha pili. Kisha akaketi chini, kwenye vumbi, mgongo ukutani pale pale pa kwake, rangi haijakauka, koti lote likaingia nyekundu. Akaniambia, "Lete chai."

Nikakimbia kwenye birika la Anara kama tarishi. Nikamletea. Akaonja. Akanitazama kutoka chini, uso umejaa madoa.

"Mla farasi wewe," akasema, "hii ni chai au maji uliyooshea brashi? Na vile vitunguu umevipanda ukiwa umekalia punda?"

Nikamjibu. Nilichomjibu siwezi kukiandika kwa mtoto wa mtu. Lakini Mwalimu Mkuu Anara alilazimika kuwaondoa watoto uwanjani, na sisi tuliendelea mpaka chai ikapoa.

Ami yako,
Beyshe